Mtani Mlangoni pa Chumba cha Upasuaji

Mtoto wa miaka sita aletwaye hospitalini Sikonge kufanyiwa upasuaji wa ngiri aghalabu huwa amekwisha kuwaogopa wahudumu kabla ya kuwaona. Nyumbani ameambiwa mara nyingi: "Ukilia, daktari atakuchoma sindano." Siku yenyewe hushinda na njaa, hutenganishwa na mamaye, kisha huzungukwa na watu waliofunika nyuso. Hofu hiyo si deko. Mtoto mwenye wasiwasi mwingi ni mgumu kupewa dawa ya usingizi, na azindukapo huelekea kuhisi maumivu zaidi.

Huko New York, mwaka 1986, wachekeshaji wa sarakasi walianza kupelekwa mawodini. Utafiti wa Florence, Italia, uliochapishwa 2005, ulihusisha watoto 40. Waliosindikizwa na mzazi pamoja na wachekeshaji walikuwa na wasiwasi mdogo kuliko waliosindikizwa na mzazi peke yake. Hata hivyo, wahudumu wengi, ingawa walikiri faida hiyo, walipinga mpango uendelee, kwa kuwa wachekeshaji waliingilia utaratibu wa kazi. Pingamizi hilo lina haki yake.

Sikonge haihitaji kuagiza pua nyekundu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo walijenga utani na makabila ya njiani, na mtani huruhusiwa mzaha hata msibani. Tena mtani wa kwanza wa mtoto ni bibi yake, amwitaye "mume wangu" na kumdai kitenge. Lugha hiyo mtoto anaijua. Ya mgeni mwenye uso wa rangi huenda ikamtisha.

Basi bibi huyo, au muuguzi wa makamo anayeweza kuitwa bibi, amsindikize mtoto hadi mlangoni: "Mume wangu, unakwenda wapi bila kuniaga?" Glavu iliyopulizwa ikawa jogoo yatosha kuwa kichekesho, mradi ibaki mkononi mwa mkubwa, maana ikipasuka kipande chake chaweza kumkaba mtoto. Mlango hauvukwi bila idhini ya mtaalamu wa usingizi. Mtoto akigeuza uso, aachwe.

Mzaha haupunguzi kipimo cha dawa ya maumivu hata kidogo, wala haumruhusu mtu kusema sindano haiumi. Mtoto aliyedanganywa asubuhi hatamwamini muuguzi yuleyule jioni, kidonda kitakapohitaji kutazamwa.