Wazee wa Jangwani na Nyumba za Magurudumu

MSOMAJI ANAULIZA

Mama mmoja wa Nyamuswa, wilaya ya Bunda, ametuandikia barua. Ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, na inasomeka vizuri. Anasema mjukuu wake alimwonyesha picha kwenye simu. Katika picha hiyo aliona wazee wawili Wamarekani, mke na mume. Walikuwa wameketi kwenye viti katikati ya jangwa. Nyuma yao palikuwa na gari kubwa lenye madirisha na mapazia. Mjukuu alimwambia kuwa wazee hao ni wastaafu, na gari hilo ndilo nyumba yao.

Mume wa mama huyu alicheka sana. Alisema wazee hao wamefukuzwa na watoto wao. Mama hakuridhika na jibu hilo. Kwa hiyo anatuuliza: Je, ni kweli watu wanaishi hivyo? Maji wanapata wapi? Na je, ni umaskini au ni starehe?

Mwisho wa barua ameandika maneno haya: "Mzee wangu anastaafu mwaka ujao. Anataka kujenga hapa nyumba ya vyumba sita. Mimi nataka maji. Tumebishana tangu mavuno."

Ndugu msomaji, tutajibu yote. Tuanze na jangwa.

Ni kweli. Wako Wamarekani na Wakanada wengi wanaoishi hivyo kila mwaka. Mji wao mashuhuri unaitwa Quartzsite. Uko katika jimbo la Arizona, kusini-magharibi ya Marekani. Ni mji mdogo. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta wakazi wapatao 2,400 tu. Lakini ukifika mwezi wa Januari utakuta maelfu kwa maelfu ya nyumba za magurudumu zimetapakaa jangwani. Nyingine ni gari zima, dereva mbele na kitanda nyuma. Nyingine ni trela linalokokotwa na gari dogo.

Kwa nini waende jangwani? Sababu kubwa ni baridi. Huku kwetu tunajua kiangazi na masika. Kaskazini ya Marekani wana majira ya baridi kali, hasa Desemba, Januari na Februari. Theluji kama ile ya kilele cha Kilimanjaro huanguka mpaka mlangoni. Maji huganda ndani ya bomba na bomba hupasuka. Mzee akitaka kutoka nje ni lazima achukue sepetu aondoe theluji. Akiteleza, anavunjika nyonga. Katika miezi hiyo hiyo, mchana wa Quartzsite una joto la kupendeza, kama asubuhi ya Nyamuswa. Usiku tu ndio wenye baridi. Ikifika miezi ya Juni na Julai, jangwa hilo huwaka moto kupita nyuzi 45. Hapo wageni wote wamekwisha kwenda zao.

Wamarekani huwaita wazee hao "ndege wa theluji". Jina hilo linafaa. Sisi pia tunamjua korongo. Huyu ni ndege anayekuja kwenye mashamba yetu wakati wa mvua, kumbe amekimbia baridi ya Ulaya. Ikiisha baridi anarudi kwao. Na watu wa Mara hatushangai habari ya kuhama kwa majira. Nyumbu wa Serengeti huhama. Wachungaji huwapeleka ng'ombe penye maji. Wavuvi wa dagaa nao huhamisha kambi zao.

Jambo moja dogo litawafurahisha wasomaji. Katika makaburi ya Quartzsite kuna kaburi lenye mnara wa mawe, na juu yake sanamu ya ngamia. Ni kaburi la Haji Ali. Huyu aliletwa Marekani mwaka 1856 kutoka nchi za Mashariki ya Kati, kuwatunza ngamia wa jeshi la Marekani. Wenyeji walishindwa kulitamka jina lake, wakamwita "Hi Jolly". Alifariki mwaka 1902.

Sasa tuseme habari ya ardhi. Sehemu kubwa ya jangwa hilo ni mali ya serikali. Mwaka 1983 serikali ilitenga maeneo maalumu ya wageni wa muda mrefu. Mtu hulipa ada moja, akapewa kibali cha kukaa kuanzia tarehe 15 Septemba mpaka tarehe 15 Aprili. Hiyo ni miezi saba. Kwa miaka mingi ada hiyo ilikuwa dola 180. Kwa Mmarekani hizo ni fedha kidogo sana. Mjini zisingemtosha kulipa kodi ya chumba hata kwa wiki chache. Nje ya maeneo hayo mtu hukaa bure, lakini kwa siku 14 tu. Baada ya hapo ni lazima ahame.

Kibali hicho hakikupi nyumba wala umeme. Kila kitu unakuja nacho mwenyewe. Umeme hutoka kwenye sola iliyo juu ya paa, na huhifadhiwa katika betri. Kupika ni kwa gesi. Ndani mna kitanda kimoja, meza, jiko, kabati na choo kidogo. Mke akitaka kupita, mume hukaa kitandani kwanza. Chombo kipya hakinunuliwi mpaka cha zamani kitolewe, maana hakuna pa kukiweka.

Haya, maji. Mama wa Nyamuswa, hapa sikiliza kwa makini.

Nyumba ya magurudumu ina tangi lake. Mengi ya matangi hayo huchukua kati ya lita 150 na 400. Tuchukue tangi la lita 200. Hizo ni ndoo 10 za lita 20. Mke na mume wakitumia ndoo mbili kwa siku, tangi litakuwa tupu siku ya tano. Kwa hiyo wanapima. Kikombe hupanguswa kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Kuoga ni kwa kujimwagia kidogo, kufunga maji, kujipaka sabuni, kisha kufungua tena. Maji machafu hayamwagwi ovyo. Ya choo yana tangi lake peke yake. Tangi likijaa, hupelekwa kwenye shimo maalumu la kumwagia, na hapo karibu kuna bomba la maji safi ya kujaza tena. Shughuli ya choo mara nyingi ni ya mume. Hiyo ni desturi tu, si sheria!

Siku zao hupitaje? Asubuhi hutembea kwa miguu. Mchana wengine huokota mawe ya rangi na kuyasugua yang'ae, maana tangu miaka ya 1960 mji huo una soko kubwa la mawe. Jioni huwasha moto na kukaribisha majirani, na kila mtu huja na kiti chake. Jirani akichelewa kufungua mlango asubuhi, mwingine huenda kugonga. Mimi nadhani hilo la kugonga mlango ndilo linalowarudisha kila mwaka, kuliko hata jua.

Sasa, ni umaskini au ni starehe? Jibu ni kwamba wako watu wa namna mbili.

Wa kwanza wana nyumba nzuri kwao. Wameifunga kwa ufunguo, na mwezi wa Aprili watairudia. Hawa wako katika mapumziko. Wa pili hawana nyumba nyingine. Gari ndilo nyumba yao yote. Wengi wao waliingia katika maisha hayo baada ya mwaka 2008. Mwaka huo mabenki ya Marekani yaliyumba, na watu wengi walipoteza kazi na nyumba. Walibaki na pensheni ya serikali tu. Pensheni hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1935, na kwa mzee asiye na akiba nyingine haitoshi kulipa kodi ya nyumba mjini. Kwa hiyo hutafuta vibarua wakiwa na miaka 65 au 70. Kila mwezi wa Oktoba, kwa mfano, wako wanaokwenda kaskazini kwenye mavuno ya viazisukari, yaani viazi vya kutengenezea sukari. Hufanya kazi ya saa 12 kwa siku, kisha huteremka jangwani kupumzika. Mwandishi Jessica Bruder aliandika kitabu juu yao mwaka 2017, kinaitwa "Nomadland".

Ukipita barabarani huwezi kumtambua yupi ni yupi. Wote wamekaa kwenye viti, wote wanakuamkia.

Habari ya kufukuzwa na watoto si kweli kwa wengi wao. Watoto wa Kimarekani huishi mbali na wazazi, na kuishi mbali si kufukuzana. Lakini shida ipo. Mji huo hauna hospitali kubwa. Kwa meno na miwani, wengi huvuka mpaka na kwenda Los Algodones, mji mdogo wa Meksiko, kwa sababu bei ya huko ni nafuu. Na siku macho ya dereva yakififia, maisha hayo yamekwisha. Mmoja akifariki, mara nyingi anayebaki hulazimika kuuza gari, hasa kama hakujifunza kuliendesha. Siku hizi wako wake wanaojifunza kuendesha nyumba hizo wakiwa na miaka sitini. Wanafanya vyema.

Turudi Nyamuswa, kwenye vyumba sita.

Mtumishi wa serikali nchini kwetu anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Mafao hulipwa na mfuko wa PSSSF, ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko kadhaa. Zamani watumishi wengi walipewa nusu ya mafao yao kwa mkupuo. Siku hizi si nusu. Kanuni za mwaka 2022 ziliweka asilimia 33. Mwaka 2024 serikali ilipandisha kiwango hicho mpaka asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu. Fedha zinazobaki hulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Basi mzee anayepiga hesabu ya nyumba kwa mafao ya rafiki yake aliyestaafu miaka 15 iliyopita, anapiga hesabu ya fedha asizozipata.

Mwalimu Nyerere alipotoka katika urais mwaka 1985, alirudi na Mama Maria kwao Butiama, hapo jirani na Nyamuswa, akalima. Kurudi nyumbani na kulima ni njia nzuri. Wastaafu wetu hawana baridi ya kukimbia. Wana kiangazi cha kungojea kwao, kuanzia Juni mpaka Septemba. Katika kiangazi hicho mzee wa miaka 65 hawezi kubeba ndoo kutoka kisima cha mbali kila asubuhi. Na mara nyingi mbebaji ni mama, si yule aliyechora ramani ya vyumba sita.

Tupige hesabu. Nyumba ya bati yenye urefu wa meta 10 na upana wa meta 5 ina paa la meta 50 za mraba. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu yake, ni lita 1,000. Nyingine hurukia nje, tuseme unapata lita 800. Simtanki la lita 5,000 litajaa kwa mvua saba kama hiyo. Lijaze wakati wa masika, ulifunge vizuri. Mke na mume wakitumia ndoo mbili kwa siku kama wale wa jangwani, maji hayo yatakaa siku 125. Ukianza tarehe 1 Juni, umevuka Septemba. Wakitumia ndoo tatu, yatakwisha kabla ya Agosti kuisha. Hapo sijataja kuku, wala wajukuu wa likizo. Wajukuu humaliza maji!

Kwa maoni ya safu hii, vyumba vitatu na tangi mbili ni nyumba kubwa kuliko vyumba sita bila tangi. Mzee wa Nyamuswa anaweza kukataa. Nyumba ni yake pia. Lakini akatae baada ya kuona hesabu.

Kwa hiyo tunawaomba wote wawili wafanye kazi hii. Chukueni karatasi. Chora mistari saba, mmoja kwa kila siku. Kila ndoo inapoingia nyumbani, weka alama, na pembeni andika jina la aliyeibeba. Baada ya siku saba jumlisheni ndoo, kisha jumlisheni majina. Tutumieni karatasi hiyo. Mwezi ujao fundi ataeleza jinsi ya kufunga gata, na kwa nini mvua ya kwanza iachwe ioshe bati kabla ya kuielekeza kwenye tangi.