Nakala za Ngorongoro Zifike Karatu

Mwaka 1959 lilifukuliwa huko Olduvai, Ngorongoro, fuvu ambalo Louis Leakey aliliita Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina walilotumia Waarabu wa kale kwa pwani yetu. Sisi wa Visiwani, basi, tuna hisa katika habari ile, japo ya jina tu.

Tangu hapo wasomi wameandika mengi juu ya ardhi ile, wafugaji wake na wakulima wa Karatu. Tasnifu zao huhifadhiwa katika maktaba za vyuo vikuu, ambako mashine za kurudufu na za skana zipo. Mwalimu wa Karatu asiye na intaneti ya kutegemewa hufunga safari, kisha hulipia kila ukurasa unaoeleza kijiji chake.

Tunawaomba wakuu wanaohusika waagize seti moja ichapwe na kupelekwa Karatu, na za Pemba ziende Pemba. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mwandishi, na ni haki yake. Basi na aombwe ruhusa siku ileile anapokabidhi tasnifu. Karatasi na wino zilipiwe na Wizara, si na mwalimu.