Afande hakurogwa
Neno la Jumamosi, na Masika wa Furu

Jumanne gurudumu la lori lilipasuka karibu na paki ya wamotari hapa Furu, Butembo. Papa mmoja, askari wa zamani ambaye mtaa mzima tunamwita Afande, alijitupa matopeni, akamvuta mtoto muuza mandazi na kumfunika kwa mwili wake. Akabaki hivyo, macho kayafumba, akiita majina ya watu ambao hakuna aliyewaitikia. Mtoto analia, mandazi yako chini. Vijana wakacheka! Wawili wakatoa simu wakaanza kumpiga filamu. Mama mmoja akasema karogwa, apelekwe chumba cha maombi, afungishwe siku tatu bila kula.

Niligomba hadi sauti ikakauka. Nina ugomvi wa muda mrefu na vyumba vya maombi, na Jumanne ulikua. Afande hakurogwa. Alipigana katika Sukola 1, operesheni ya jeshi letu dhidi ya waasi iliyoanza Januari 2014, mwezi uleule Kanali Mamadou Ndala alipouawa karibu na Beni. Ameokota maiti za raia tangu mauaji yalipoanza huko Beni Oktoba mwaka ule. Sasa halali mpaka anywe pombe ya kanyanga. Ni jeraha la vita, sawa na mguu uliokatwa, na deni la jeraha hilo ni la serikali.

Wengine wameanza kulipa deni kama hilo: Juni 2025 jimbo la Texas, kule Marekani, lilitenga dola milioni 50 za umma kuchunguza ibogaini, ambayo wanatumaini itawasaidia maveterani wao wenye majeraha ya akili. Ibogaini inatoka kwenye mizizi ya iboga, kichaka cha misitu ya Afrika ya kati ambacho Wagabon wa ibada ya Bwiti wanakijua tangu mababu. Mzizi ni wa misitu ya huku, na askari waliovunjika tunao tele. Kinshasa imetenga nini? Sisemi mizizi iuzwe sokoni: iboga inaweza kusimamisha moyo. Kwa sababu hiyo hasa nataka utafiti wa hospitali, wenye madaktari, mashine za kupimia moyo, na fedha ya taifa.

Na asije mtu kuniambia Beni ni ya vita, haiwezi utafiti. Novemba 2018, risasi zikilia, jaribio la dawa nne za Ebola lilianza Beni, likafika Butembo, Katwa na Mangina. Agosti 2019 Profesa Muyembe, mtaalamu wetu wa Ebola, na wenzake Wamarekani wakatangaza kwamba mbili kati ya dawa hizo zinaokoa zaidi. Wagonjwa walikuwa ndugu zetu, wauguzi watoto wetu. Hata Goma, wapiganaji wa zamani wamewahi kutibiwa bila kidonge chochote, kwa kusimulia maisha yao hatua kwa hatua mbele ya mshauri, na dalili zikapungua. Ila kazi hiyo iliongozwa na wageni kutoka Ujerumani.

Waheshimiwa wabunge wa Beni na Butembo, bajeti ikifika mbele yenu, tuonyesheni mstari wa kutibu vichwa vya askari. Fedha ya majeneza haijawahi kukosekana.