Boeing au Airbus? Mkulima aulize mzigo

Vijiweni, ubishi wa Boeing na Airbus umekuwa kama wa Simba na Yanga. Huyu anasifia 787, yule anajibu kwa A220. Lakini mwishoni mwa 2022 baadhi ya A220 za Air Tanzania zilisimama kwa matatizo ya injini, na injini hizo hazitengenezwi na Airbus. Jina la ubavuni, basi, halitoshi. Juni 2023 ilipokewa Boeing 767-300F ya mizigo, yenye uwezo wa tani 54. Mkulima wa mboga na maua aulize: nauli ya kilo moja ni kiasi gani? Kama ilivyo kwa trekta, tutazame vipuri, mafundi na gharama. Ushabiki haulipi mkopo.