Tuktuk Sio Shida ya Mombasa

Wasee, jam ikishika Mwembe Tayari, wa kwanza kulaumiwa ni nani? Tuktuk. Mtu yuko ndani ya Prado peke yake, vioo amepandisha, anapiga honi na kusema, "Hivi vitu vingetolewa mjini tu."

Haya, tupige hesabu. Tuktuk ina urefu wa kama mita 2.6 na inabeba abiria watatu nyuma. Saluni ya kawaida inapita mita 4, na mara nyingi ndani kuna mtu mmoja. Sasa wale watatu wa tuktuk wape kila mmoja gari lake. Nani amejaza barabara?

Halafu kuna nyanya yangu. Anakaa Majengo na magoti yamechoka. Matatu hawezi: ngazi iko juu, na makanga hana saa ya kungoja mzee apande. Boda hataki hata kuisikia. Lakini tuktuk inaingia mpaka kichochoroni, inageuka palepale, inamshusha mlangoni na kapu lake la Marikiti. Ukiitoa mjini, mwenye Prado hapotezi kitu. Anayepoteza ni nyanya.

Najua mtaniambia nini. Ndio, kuna madereva wanaojipenyeza kila mahali, wanasimama katikati ya barabara kuchukua abiria, na wa nne wanambana pale mbele kwa dereva. Hao siwatetei. Washikwe, walipe faini. Lakini mbona matatu ikivunja sheria tunasema dereva ana makosa, na tuktuk ikivunja tunasema zote zitoke? Hiyo ni haki gani?

Na mtu asiye na steji atasimama wapi, kama si hapohapo barabarani? Mpe kwanza pa kusimama. Chora steji karibu na soko, karibu na hospitali, pale watu wanaposhuka kweli. Ukishafanya hivyo, anayesimama ovyo mbane, na mimi nitakuwa upande wako.

Kufukuza ni rahisi kuliko kupanga, ndio maana wazo hilo linarudi kila mara.

Wewe unayetaka zitolewe, nina ombi moja. Kesho acha gari nyumbani. Njoo Majengo, mshike nyanya mkono, beba kapu lake, mtembee naye mpaka Marikiti saa saba mchana, jua la utosi. Mkirudi, ndio tuongee.