MWAMBA HAUPASULIWI KWA HOTUBA

Wapo wasemao kuwa mafuta yakikataa kutoka chini ya ardhi, yatatolewa kwa kusukuma maji hata mwamba upasuke. Sisi hatuyakatai mafuta. Tunachokataa ni kupimiwa kwa maneno. Mchele hupimwa kwa pishi, na nguo kwa wari. Je, mwamba umepimwa kwa nini?

Tuitazame Kilosa. Mwaka 2012 kampuni ya Swala ilitia saini mkataba na Serikali ya Muungano juu ya eneo la Kilosa na Kilombero. Mitetemo ikapigwa ardhini, na kisima cha Kito-1 kikapangwa upande wa Kilombero. Miaka ikapita, kisima kisichimbwe. Nayo mitetemo huonyesha umbo la nyumba tu. Kilichomo chumbani haikionyeshi.

Atakaye kujua kama mwamba wafaa kupasuliwa kwa maji, hana budi kukitoa kipande chake akipime. Kwanza, je, una mafuta? Pili, huvunjika kama kigae, au hubonyea? Ubonyeao huufumba ufa mara shinikizo liondokapo, na mchanga uliotiwa kuushikilia ukamezwa. Tatu, una udongo wa mfinyanzi kiasi gani? Udongo huo, aghalabu, ukinywa maji matamu huvimba, ukaiziba njia ile ile iliyofunguliwa. Nne, nyufa za kale zi wapi? Kilosa imo katika nchi ya Bonde la Ufa, na maji yaweza kuufuata ufa wa zamani yakapotea. Hata jaribio la kwanza, huko Kansas, Marekani, mwaka 1947, lilitumia petroli iliyofanywa nzito, si maji. Basi maji si dawa ya kila mwamba.

Na maji yenyewe yatatoka wapi? Huko Marekani kisima kimoja huweza kumeza lita milioni 10 na kupindukia. Kilosa, mto Mkondoa ulifurika mwanzoni mwa 2010 ukaikata reli. Lakini katika wilaya hiyo hiyo, Desemba 2000, wakulima na wafugaji waligombea ardhi na malisho, wakafa watu zaidi ya 30. Mikumi, iliyo hifadhi tangu 1964, wanyama hutegemea mabwawa wakati wa kiangazi. Mahali kama hapo, aombaye maji na aanze kwa kuonyesha hesabu.

Wanachama wenzetu, neno hili si la bara peke yake. Mwaka 2018 Serikali ya Zanzibar ilitia saini mkataba na RAK Gas juu ya kitalu cha Pemba na Unguja. Nasi twanywa maji ya visima na chemchemi, na bahari imetuzunguka. Twadai, kabla mtu hajayataja maji yetu, vipimo vya mwamba viwekwe mbele ya Baraza la Wawakilishi, kwa Kiswahili, kila raia avisome. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Na mwamba usioutoboa hujui tabia yake.