KAZI ZA MIKONO: Ngozi ya Mbuzi Isitupwe

Mbuzi achinjwapo katika vijiji vya Kasongo na Kabambare, mara nyingi hubabuliwa kwa moto, hukwanguliwa manyoya, na ngozi yake huliwa pamoja na nyama. Penye njaa hatuwezi kulaumu desturi hiyo, maana tumbo la mtoto halingoji. Lakini siku za arusi na za sikukuu, nyama ikiwa tele, ngozi nyingi huchunwa zikatupwa jalalani, zikawa chakula cha mbwa. Mwenye mbuzi amepata nyama ya siku mbili. Angaliweza kupata tena mshipi, mkoba, au makubadhi ya watoto wawili.

Juma hili twapenda kusema na akina baba, na zaidi na vijana waliomaliza shule wasipate kazi. Kijana wa Kabambare akitafuta fedha, neno la kwanza analoambiwa ni dhahabu ya Salamabila. Wengine hurudi na kitu, wengine hurudi na deni, na wengine huacha shule kwa ajili ya shimo. Sisi hatuahidi utajiri. Twasema tu kwamba fundi wa ngozi hukaa nyumbani kwake, hula jasho lake, na chombo chake hakiishi udongoni.

Wala tusidhani kiatu ni fahari tu. Mwaka wa 1870 msafiri David Livingstone alikuwa Kabambare, mahali alipopaita Bambarre katika maandiko yake. Vidonda vya miguu vilimfungia ndani ya nyumba siku 80, tangu tarehe 22 Julai mpaka tarehe 10 Oktoba. Mtu aliyevuka nchi nyingi kwa miguu alishindwa na nyayo zake mwenyewe. Na leo, funza, miiba na minyoo ya safura ipenyayo katika ngozi ya mguu bado yawatesa watoto waendao shule peku.

Kazi hii si ngeni kwetu. Wazee wetu waliwamba ngoma na kushona ala za visu. Kisha katika miaka ya 1870 Waungwana wa pwani walikaa Nyangwe na Kasongo pamoja na Tippu Tip. Biashara yao ya utumwa iliwaumiza babu zetu, nasi hatuisahau. Lakini walituachia pia lugha hii tunayoandika, mpunga tunaokula, na miembe iliyo katika vijiji vyetu. Miembe hiyo ndiyo itakayotusaidia leo, kama mtakavyoona.

Kuchuna na kuhifadhi

Ngozi huharibiwa kwanza na mikono ya mchunaji. Pasua mstari mmoja ulionyoka, toka kooni mpaka chini ya tumbo. Kisha tumia ngumi kuliko kisu, ukisukuma kati ya ngozi na nyama. Tundu moja katikati ya mgongo lapunguza thamani ya ngozi nzima, kwa kuwa mgongo ndio sehemu iliyo imara. Ngozi ya tumbo ni nyepesi na hunyumbuka.

Osha damu upesi. Kama huwezi kuanza kazi siku ile ile, sugua chumvi upande wa nyama: ngozi mbichi ya kilo 3 yataka chumvi ya kilo 1. Chumvi ikiwa ghali, iwambe ngozi kwa vijiti au katika fremu ya miti, uiweke kivulini penye upepo. Usiianike juani, maana jua kali huipika ngozi, ikavunjika kama ganda la muhogo. Wala usiitandaze chini, kwa sababu ya unyevu na wadudu.

Jambo moja tulishike sana: mnyama aliyekufa mwenyewe asichunwe. Ugonjwa wa kimeta huwapata mbuzi na ng'ombe, nao huua watu. Mbegu zake hukaa katika ngozi na katika udongo miaka mingi. Vivyo hivyo nyani na panya wa msituni waliokutwa wamekufa wasiguswe, maana ugonjwa wa mpox, uliotambuliwa kwa mwanadamu mara ya kwanza hapa Kongo mwaka wa 1970, waweza kutoka kwa wanyama wa msitu.

Kuondoa manyoya

Ngozi iliyokauka au kutiwa chumvi hulowekwa kwanza katika maji safi, mpaka iwe laini kama siku ilipochunwa. Kisha tia gramu 200 za chokaa iliyozimwa katika lita 10 za maji, uizamishe humo. Igeuze asubuhi na jioni. Baada ya siku tatu mpaka saba, jaribu kwa kidole gumba: manyoya yakitoka bila kuvutwa kwa nguvu, imetosha. Asiye na chokaa hutumia majivu ya mti mgumu, lakini huchukua siku nyingi zaidi.

Chokaa huunguza macho. Watoto wasisogee, na mwenye kidonda mkononi asiingize mkono humo. Maji yaliyotumika yamwagwe katika shimo lililo mbali na kisima na mto wa kunywa. Fundi anayechafua maji ya jirani zake amewauzia mshipi na ugonjwa pamoja.

Itandaze ngozi juu ya gogo laini la mviringo, kwangua manyoya kwa kisu butu, kisha igeuze uondoe mafuta na nyama iliyobaki. Isuuze katika maji mengi. Baada ya hapo iweke siku moja katika maji ya pumba za mpunga zilizochacha. Uchachu huo huondoa chokaa iliyobaki ndani. Ukiruka hatua hii, ngozi yako itakuwa ngumu na yenye madoa, nawe utalaumu magome bure.

Magome ya mwembe

Sasa yaja kazi yenyewe, ambayo watu wa pwani huiita kudabighi. Ndani ya magome ya miti mingi mna dawa chungu, ile inayokausha ulimi ukitafuna mpera mbichi. Dawa hiyo hushikamana na ngozi na kuizuia isioze. Kule pwani mafundi hutumia magome ya mikoko. Katika milima ya Kenya na huko Njombe, Tanzania, hupandwa miwati kwa kazi hiyo. Sisi tunao mwembe na mpera.

Usivue gome kuzunguka shina lote, maana mti hufa, na mwembe aliopanda babu hauwezi kurudishwa mwaka mmoja. Chukua magome ya matawi yaliyokatwa kwa kuni, au ya mti ulioangushwa na upepo. Yatwange, yachemshe, uyaache yapoe. Tumia chungu, pipa la mti au ndoo ya plastiki. Chombo cha chuma kisiguse maji hayo hata kidogo, kwa sababu chuma na magome vikikutana hutoa rangi nyeusi, na ngozi itapata madoa yasiyotoka.

Anza na maji mepesi. Kila baada ya siku tatu au nne ongeza maji mazito zaidi, ukigeuza ngozi kila siku. Wenye haraka hutia maji mazito siku ya kwanza: hapo uso wa ngozi hujifunga, na katikati hubaki mbichi. Ngozi ya mbuzi yataka majuma kama matatu. Ili kujua kama imeiva, kata kipande kidogo pembeni na utazame mkato. Rangi ikiwa moja toka juu mpaka chini, iondoe. Ukiona mstari mweupe katikati, irudishe.

Isuuze, ikamue, na ingali na unyevu ipake mafuta kidogo upande wa manyoya. Mawese yafaa, lakini huipa ngozi wekundu. Mafuta ya kokwa za mchikichi huacha rangi yake. Ikaushe kivulini polepole. Kabla haijakauka kabisa, ivute mbele na nyuma juu ya ukingo wa ubao uliolainishwa. Kazi hii huchosha mabega, lakini ndiyo ipambanuayo ngozi laini na ubao.

Ngozi ya ngoma ni habari nyingine. Hiyo isitiwe magome wala mafuta, maana ngozi iliyodabighiwa hailii. Hukwanguliwa manyoya, huwambwa ikiwa mbichi na kulowa, na hukauka kivulini ikijikaza yenyewe. Ngoma ya kanisa iliyolegea siku za mvua haina haja ya ngozi mpya. Yatosha kuisogeza karibu na moto kwa kiasi.

Vyombo vya fundi maskini

Tusingoje sanduku la vyombo toka ng'ambo. Kisu cha kukatia chaweza kutoka katika kipande cha panga au cha msumeno wa chuma uliovunjika. Ukikinoa, kichovye katika maji mara kwa mara. Chuma kikigeuka buluu kwa joto, ukali wake hautakaa tena. Maharazi, yaani kile chuma chembamba cha kutobolea, hutengenezwa kwa njiti ya gurudumu la baiskeli, iliyopigwa nyundo na kunolewa ncha, ikatiwa mpini wa mti mgumu. Ongeza sindano mbili zenye ncha butu, jiwe la kunolea, nyundo, na ubao mnene wa kukatia. Hivyo vyatosha kuanza.

Rangi nyeusi nayo haihitaji duka. Tia misumari yenye kutu katika siki au maji ya ndizi yaliyochacha, ifunike kwa kitambaa juma moja, kisha chuja na upake. Kile kilichokuwa adui ndani ya pipa ni rafiki mwisho wa kazi.

Kukata na kushona

Mikanda ikatwe kufuata uti wa mgongo, kamwe isikatwe tumboni, maana itarefuka mpaka suruali ianguke. Kwa makubadhi, mwambie mwenye mguu asimame juu ya karatasi wakati wa jioni, mguu ukiwa umetanuka kidogo. Penseli isimame wima. Pima miguu yote miwili, kwa kuwa si watu wengi wenye miguu sawa. Ngozi ya mbuzi yafaa kwa kamba za juu. Kwa soli tumia mpira wa gari uliochakaa. Palipo na viungo, punguza unene wa kingo kwa kisu. Paka gundi ya viraka vya baiskeli pande zote mbili, ngoja ikauke hata isishike kidole, ndipo uunganishe na kupiga nyundo.

Gundi peke yake haivumilii mvua za Maniema. Shona. Chora mstari milimita 4 toka ukingoni, na uweke alama za matundu kwa meno ya uma wa mezani, ili yawe sawa. Pima uzi mara nne ya urefu wa mshono, uupake nta ya nyuki, utie sindano kila mwisho. Katika kila tundu sindano zote mbili hupita, moja toka kulia na nyingine toka kushoto. Mshono wa cherehani uzi ukikatika hufumuka. Huu wa sindano mbili, uzi mmoja ukikatika, mwingine bado washika.

Bei na uaminifu

Andika katika daftari: bei ya ngozi, chumvi, uzi, gundi, na pia siku zako za kazi. Wengi husahau siku zao, wakauza kwa hasara huku wakifurahi. Omba nusu ya bei kabla ya kuanza. Usifiche tundu kwa rangi, wala usiuze ngozi mbichi iliyokauka kana kwamba imedabighiwa; mvua ya kwanza itakufunua, na mteja atakutaja kijiji kizima.

Tena, mtu akikuletea ngozi ya chui au ya okapi, ikatae. Sheria ya hifadhi ya mazingira ya tarehe 11 Februari 2014 inawalinda wanyama wa namna hiyo, na anayeinunua ngozi yao hushiriki kosa la mwindaji.

Nanyi wanafunzi, tumesikia mnasema kazi hii inanuka. Ni kweli, yanuka. Hata zamani watengenezaji wa ngozi walidharauliwa kwa sababu hiyo, wakakaa pembeni mwa mji. Lakini kitabu cha Matendo ya Mitume chatuambia kwamba Petro alipokuwa Yopa alikaa siku nyingi kwa Simoni mtengenezaji ngozi, ambaye nyumba yake ilikuwa kando ya bahari. Mtume hakuziba pua. Basi chimbeni shimo lenu mbali kidogo na nyumba, upande usiotoka upepo.

Anzeni na ngozi moja, na kitu kidogo: ala ya kisu, mkanda wa mkoba wa shule, kiraka cha tandiko la baiskeli. Ya kwanza itakuwa na makunyanzi, ya tatu itavaliwa. Na wewe baba, arusi ijayo ukichinja mbuzi, mwite kijana wako kabla moto haujawashwa, umpe kisu, umwambie achune polepole.